Sikio la Mtoto wa Wifi

Kwetu mtoto akizaliwa, kabla hajapewa jina na kabla mtu hajauliza kama mama yake amekula, anakunjwa sikio. Kazi hiyo ni ya shangazi mkubwa. Analikamata sikio kwa vidole viwili, anaikunja ile ncha ya juu, anamsogeza mtoto penye mwanga, anatazama. Kichanga huzaliwa amepauka, hata kama baba na mama wote ni weusi tititi, na rangi yake ya kweli huja baadaye, polepole, kwa wakati wake. Lakini sikioni, wanasema wakubwa wetu, rangi hutangulia kufika. Sikio lisipokuridhisha, unatazama pale kucha zinapoanzia. Hospitali wana mashine zao, sisi tuna shangazi.

Sisi ni Waislamu wa Bujumbura wa siku nyingi, na tumechanganyika hadi hatukumbuki vizuri nani alimwoa nani. Babu mmoja alitoka Kongo, mwingine alijidai ni wa Tabora, na bibi mmoja alizaliwa hapa hapa milimani akashuka mjini kwa sababu ya mapenzi. Tukiketi kwenye mkeka mmoja utaona kila rangi, kuanzia maandazi hadi masizi. Kwa hiyo nyumbani rangi inazungumzwa kama chumvi ya mchuzi. "Yule shemeji mweusi amepita." "Yupi? Mweusi wa kawaida, ama yule wa kung'aa?" Hakuna anayeshusha sauti. Nchi yetu ina tofauti nyingine kati ya watu, tofauti zilizotugharimu sana, na hizo tunazinong'ona au tunazinyamazia kabisa. Labda ndiyo sababu rangi ya ngozi tumeuachia mdomo uifanye utakavyo.

Basi mdogo wangu wa kiume akaoa Mzungu.

Wifi yangu alikuja Burundi kufanya kazi ya mabomba ya maji. Mdogo wangu ni fundi wa pampu. Pampu moja ilikataa kuwaka, wakaizunguka wote wawili wiki nzima, na pampu haikupona lakini ndoa ikapatikana. Kiswahili alijifunzia sokoni, kwa hiyo alijua kugombana juu ya bei ya nyanya kabla hajajua kuwasalimia wakwe. Kuitwa Mzungu hakukumsumbua tena. Watoto wa barabarani wakimpigia kelele "Muzungu! Muzungu!" yeye huwajibu "Murundi! Murundi!" nao huanguka chini kwa kicheko. Mama alimpenda tangu siku alipomkuta jikoni akikwaruza ukoko wa sufuria kwa kijiko na kuula. Alisema mtu anayekula ukoko hawezi kuwa na roho mbaya.

Kilichomshinda wifi ni kutaja rangi ya mtu mwingine. Kwao, aliniambia, ni utovu wa adabu. Unaweza kutaja kofia ya mtu, viatu vyake, hata kitambi chake ukiwa umezoeana naye, lakini rangi unaipita kana kwamba hukuiona. Mimi nina duka la vipuri vya pikipiki Cibitoke, na mlangoni kwangu wanakaa mafundi wawili, mmoja inzobe, yaani yule mweupe-mweupe wetu wa maji ya kunde, na mwenzake mweusi. Siku moja wifi alikuja kuniambia fundi mmoja amemsaidia kubadilisha gurudumu, anataka kumshukuru.

"Yupi?" nikamuuliza.

"Yule... yule anachekaka sana."

"Wote wanacheka. Hawana kazi."

"Yule mwenye shati."

"Wifi, wote wana mashati."

Akahangaika na vidole vyake hewani. Nikamhurumia. "Yule mweusi?"

Akawa mwekundu hadi shingoni. "Mi sijasema vile!" Na fundi mwenyewe, aliyekuwa amesimama hatua chache kutoka pale, akainua mkono: "Ndiyo mimi, mama, yule mweusi. Asante nimepokea." Nilicheka hadi nikaketi kwenye boksi la betri.

Kwa hiyo mnaweza kufikiri ilivyokuwa siku mtoto alipotoka hospitali.

Shangazi alikuwa wa kwanza kufika nyumbani kwao Kinindo. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu baba, mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili. Alikuja na jirani wa mama, mwanamke Mkongomani wa Bukavu anayeuza vitenge, Mkristo wa kanisa la ngoma nyingi, ambaye hajapata kukosa tukio lolote la Waislamu lenye chakula. Mimi nilikuwa jikoni napasha uji wa mzazi. Nikasikia sauti ya shangazi inavuka ukuta.

"Leteni mutoto hapa kwa dirisha! Eeeh, bismillahi. Njooni muone. Huku juu iko chai ya maziwa. Lakini huku nyuma, yebaba we, kahawa iko njiani!"

"Apana, dada," jirani akasema. "Mi naona atabakia inzobe. Angalia kwa kucha. Kwetu Bukavu tulionaka mumoja kama huyu, alibakia vile vile mupaka leo, ata jua halimuwezi."

"Kahawa."

"Chai."

"Tuweke Fanta, mwenye kushindwa analipa."

"Fanta ndogo ama kubwa?"

Nilipofika sebuleni na bakuli, jirani alikuwa ameshika mguu wa mtoto anahesabu kucha, shangazi ameshika sikio, na mtoto analia kama mtu aliyekamatwa na polisi wawili. Wifi alikuwa amesimama na taulo mkononi, midomo imekauka. Akasema kwa sauti ya chini, "Mutoto amechoka. Na mi nimechoka." Shangazi akamjibu kwa moyo mweupe kabisa, "Ndiyo, mama, lala. Sisi tunaendelea."

Jioni ile mdogo wangu akanitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Mdogo wangu ni mtu mzuri, lakini ni mwoga wa wanawake wote, wa kwa mkewe na wa kwetu, bila ubaguzi. "Dada," alisema, nikasikia anatembea uani ili mkewe asimsikie, "batu basikuje kwanza. Mama mutoto analia. Anasema mutoto wake si nguo ya kuangalia rangi sokoni. Na anasema arobaini hatukuje."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa makubwa. Mama alikuwa ameipanga akika ya mjukuu iangukie siku ya arobaini, nyumbani kwake Ngagara, mtaa wa tano, ama kwatie ya tano kama tunavyosema. Mbuzi walikuwa wamekwisha nunuliwa, wamefungwa uani, wanakula maua ya mama asubuhi na majani ya jirani mchana. Mdogo wangu ndiye mwana pekee wa kiume. Baba alikufa akisema anamsubiri mjukuu wa upande ule, hakumwona. Mama alikuwa amemshika mtoto mara moja tu, hospitalini, kwa dakika chache, kabla muuguzi hajamwondoa. Tangu siku hiyo alikuwa anawaonyesha wateja wake wa unga picha kwenye simu, na kila akiionyesha anagusa kioo kwa kidole hadi picha inahama.

Nilipomwambia kwamba mkwewe hataki kuja, hakukasirika. Aliuliza, "Kwani tulimufanya nini mutoto?" Kisha akaenda kuwapa mbuzi maji. Aliuliza tena jioni, na kesho yake, na kila mara mimi ndiye niliyetakiwa kujibu, kwa sababu mimi ndiye dada mkubwa, na kwetu dada mkubwa ndiye anayetumwa penye moto.

Nikaanza na kwetu. Niliwaita shangazi na jirani kwa mama, nikawaketisha, nikawaambia kwamba mtoto akija, hakuna kutaja rangi. Hata kidogo. Si chai, si kahawa, si inzobe, si maandazi.

"Sasa tutasema nini?" jirani akauliza, na aliuliza kweli, si utani.

"Mutasema maneno ya kawaida. Tufanye mazoezi. Mi ni mama mutoto, naingia na mutoto. Haya."

Jirani akajiweka sawa, akakohoa, akatazama mto niliokuwa nimeupakata. "Karibu sana, mama. Mutoto muzuri. Iko na... iko na miguu."

"Miguu gani?"

"Miwili."

Mama alijifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Nikamgeukia shangazi. Shangazi aliuangalia mto kwa hasira. "Karibuni," akasema. Nikaona shingo yake inavimba kwa kuzuia maneno. "Mutoto huyu... nguo yake..." Akalipuka. "Mi siwezi! We unataka nikae mbele ya mujukuu wa kaka yangu nimefunga mudomo kama mugeni? Nimuulize nini? Kama amekula?"

"Ndiyo, shangazi. Uliza kama amekula."

"Atakula nini, ana arobaini!"

Tulifanya mazoezi hadi adhuhuri, na mwisho waliweza kusema sentensi tatu za adabu, moja kuhusu nguo, moja kuhusu usingizi, na moja ya kumshukuru Mungu. Shangazi aliondoka akisema kwamba mimi nimekuwa Mzungu kuliko yule Mzungu mwenyewe. Nilijiona nimefanya kazi kubwa.

Ijumaa mchana nikafunga duka, nikaenda Kinindo kwa wifi. Nilikuta anatembea na mtoto begani, kutoka dirishani hadi mlangoni, nywele hazijachanwa. Alinipa chai. Hakunipa mtoto, na hilo niliona.

Nilikuwa nimejiandaa. "Wifi," nikamwambia, "kukunja sikio kwetu si matusi. Ni kama vile nyie mnavyouliza mtoto ana kilo ngapi. Mi mwenyewe nilikunjwa."

Akasimama. "We?"

"Mimi! Ngoja nikuambie." Na nikaanza kuisimulia, maana hadithi hii naijua kuliko sala ya safari. Mimi ndiye mweusi wa nyumba. Ndugu na binamu wote wamenipita kwa weupe, hakuna aliyenikaribia. Nilipozaliwa, shangazi alifika akiwa na haraka zake, akanichukua, akanisogeza dirishani, akakunja sikio, akatazama nyuma, akatazama mbele, akalirudisha sikio mahali pake taratibu. Kisha akamgeukia mama akasema: "Huyu musimulaze bila taa, mutamukanyaga."

Nilipiga makofi mwishoni, kama kawaida. Hadithi hii inachekesha kila mahali. Ilisimuliwa siku nilipomaliza shule. Ilisimuliwa kwenye harusi yangu, mbele ya wakwe. Ilisimuliwa hata kwenye matanga ya baba, siku ya tatu, ili watu wachangamke, na mimi ndiye niliyeombwa niisimulie, kwa sababu ninamwigiza shangazi vizuri, na vidole, na macho.

Wifi hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mtoto amelala begani kwake, akanitazama.

"Iliuma?" akaniuliza.

"Nini?"

"Ile neno. Ilikuuma?"

Niliudhika. Mtu unamletea hadithi nzuri, yeye anatafuta kidonda. Nikamwambia kwetu hatuumizwi na maneno ya mdomoni, tunacheka yanapita, na kama angecheka na sisi asingekuwa amejifungia ndani na mtoto wa watu. Nilisema kwa ukali. Hakunijibu ukali. Alisema pole pole, kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Hapa batamuita Muzungu. Mi najua, batoto barabarani, kila siku. Kwetu batamuita mweusi, na kwetu hawatacheka, watasema kwa nyuma. Hiyo siwezi kuzuia. Lakini kwa bibi yake, mule ndani, mi nataka akuwe mutoto tu." Akapangusa pua kwa mkono. "Nitakuja siku ya arobaini. Sababu ya mama. Lakini mutu mumoja akimufanya mutoto wangu aone haya, tunatoka. Na hatarudia Ngagara."

Nikaahidi. Nikatoka pale nikiwa nimeshinda, na hasira juu. Nilitembea kwa miguu kipande kirefu badala ya kutafuta usafiri, nikiongea peke yangu, nikimjibu wifi majibu mazuri ambayo sikuwa nimeyapata pale sebuleni. Iliuma! Kana kwamba mimi ni yai. Na katikati ya majibu hayo mazuri nikamkumbuka yule mama aliyenipamba siku ya harusi, na shangazi nyuma yake akisema poda yote ya Bujumbura haitatosha, na mimi nikicheka huku nimefumba macho ili wanja usimwagike. Nikakumbuka nilipokuwa msichana wa Ngagara nikinunua mkorogo kwa siri nyuma ya soko, nikapaka hadi mashavu yakababuka, na nyumbani nikasema ni jua. Mama alinipaka mafuta ya mgando wiki nzima. Wote walijua si jua. Hakuna aliyeuliza.

Ndiyo, iliuma. Niliisema kwa sauti, barabarani, na mwanamke aliyebeba ndizi akageuka kuniangalia.

Jumapili ya arobaini wifi akaja. Amevaa kitenge alichoshonewa na mama, mtoto amefungwa nguo nyeupe, mdogo wangu nyuma yao amebeba mifuko na jasho. Nywele za mtoto zilikwisha nyolewa asubuhi huko kwao, mbuzi walikuwa wamekwisha kuwa pilau, dua imesomwa na wanaume wametoka na sahani zao uani. Sebuleni tukabaki wanawake, na mdogo wangu mlangoni, hajui aende upande gani. Mama alimpokea mtoto kwa mikono miwili akamweka kifuani, akafumba macho. Nilifurahi sana kuliona hilo.

Kisha mazoezi yetu yakaanza kufanya kazi, na ilikuwa balaa.

"Nguo nzuri," shangazi akasema, akitazama dari.

"Analalaka vizuri?" jirani akauliza.

"Tunamushukuru Mungu," shangazi akasema.

Sentensi tatu zilikuwa zimekwisha. Nikasikia vijiko vya wanaume uani. Jirani akahamahama kwenye mkeka, akatafuta, akasema, "Na pampasi yake nzuri sana. Imekaa vizuri." Shangazi akaunga mkono kwamba ni kweli, ni pampasi ya nguvu. Wakamsifia soksi. Wakasifia kishikizo kimoja kimoja. Walikuwa wanakaa mbali na mtoto, mikono mapajani, kama watu waliokuja kuomba kazi, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumgusa.

Wifi akatutazama mmoja mmoja. "Kwa nini munakaa hivi? Munamuogopa?"

"Tumekatazwa!" jirani akalia, maana alikuwa amevumilia kupita uwezo wake. "Huyu wifi yako ametukataza! Hatutaje chai, hatutaje kahawa, hatutaje kitu! Ata kichwa kinaniuma!"

Wifi akanigeukia. Nikaangalia mkeka. Nikafikiri sasa yamekwisha. Halafu nikasikia sauti ya ajabu, nikainua macho, na alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anacheka hadi anashika mbavu. Akamsogelea mama, akainama juu ya mtoto, na yeye mwenyewe, kwa vidole vyake viwili, akakikunja kile kisikio.

"Basi," akasema. "Angalieni. Semeni. Lakini semeni vizuri."

Jamani, nyumba ililipuka. Shangazi alivuka mkeka kwa magoti. Jirani alitafuta miwani. Wakageuza, wakasogeza, wakavuta pazia, wakaita mwanga zaidi. "Kahawa! Nilisema nini? Kahawa!" "Ya maziwa, dada, ya maziwa, usiibe!" Wifi akawa katikati yao, anauliza kwa nini sikio na si pua, na nywele zitakuwaje, na shangazi anamweleza kwa mikono kama anafundisha chuo kikuu. Wifi akasema kwamba na yeye aliogopa mtoto ataungua na jua kama anavyoungua yeye, kwa hiyo kahawa ni habari njema, na wakapiga makofi. Mama alikuwa anacheka kimya kimya na mjukuu kifuani. Niliwaza kwamba tungefanya hivi tangu mwanzo ningekuwa sijafunga duka Ijumaa.

Na furaha ikamzidi shangazi. Akajipiga paja.

"Ila Mungu amuhurumie asifikie weusi wa shangazi yake huyu! Itabidi bamuwashie taa ata muchana!"

Wakacheka wote. Wakageuka kunitazama, wananisubiri, maana hapo ndipo mimi huingia na vidole na macho na kuimalizia. Mdogo wangu pale mlangoni alikuwa ameshaanza kutabasamu. Mama alikuwa ameshaanza kutabasamu. Wifi peke yake hakumtazama shangazi wala mtoto. Alinitazama mimi, na uso wake wote ulikuwa lile swali la Ijumaa.

Nilijua hesabu ya jambo hili. Nikicheka, siku inaendelea. Utani ni juu yangu, si juu ya mtoto, wifi angeweza kuumeza. Nikisema ukweli, atajua mtoto wake atakavyolelewa humu, atachukua begi, na mama atabaki na picha ya kwenye simu. Nilifungua mdomo nicheke. Nilikuwa nimekwisha inua mkono.

"Shangazi," nikasema, "inaniuma."

"Nini inakuuma? Tumbo? Ni ile pilau."

"Ile ya taa. Inaniuma. Imeniuma tangu nikiwa mutoto."

Shangazi alinitazama kana kwamba nimezungumza Kichina. "Lakini we ndiye unaichekaka kuliko sisi wote!"

"Nyie wote mulikuwa munacheka. Mulitaka nilie peke yangu?"

Sauti yangu ilitoka vibaya, nyembamba, nikaona haya mbele ya watu, mwanamke mzima mwenye duka. Jirani akavua miwani. Wifi akasimama. Alichukua begi la mtoto akaliweka begani, akamwangalia mumewe, na mdogo wangu akaangalia mlango, akaangalia mama, akaangalia miguu yake.

Mama akanyanyuka. Magoti yake ni mabaya, ilimchukua muda, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hatukujua anakwenda wapi. Nilidhani anakwenda kumrudisha mtoto kwa mama yake. Akampita wifi. Akafika kwa shangazi, wifi yake mwenyewe wa miaka yote, aliyemlilia mume pamoja naye, akainama, akamweka mtoto mapajani mwake.

"Mwambie," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Ile ya taa. Mwambie huyu."

Shangazi akacheka kidogo, kicheko cha kutafuta mwenzake, hakikupata. Akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa macho, kichwa kimenyolewa kinang'aa, amekishika kidole cha shahada cha shangazi na hakiachii. Nikaona mdomo wa shangazi unafunguka, mdomo ambao haujawahi kukosa neno harusini wala msibani, nikaona unatafuta pa kuanzia. Ukajifunga. Ukafunguka tena.

"Siwezi, wifi," akasema, na sauti yake haikuvuka hata mkeka. "Ni mutoto."

Wifi yangu akaketi pale pale alipokuwa amesimama, begi likiwa bado begani.

"Na wangu alikuwa mutoto," mama akasema. "Yeye ulimwambia. Na mi nikacheka."